Mwaka wa Maswali ya Wanao
Kumbukumbu ya Shamila Faruku, Mama Faidha, wa Newala

Mwaka umekamilika, Shamila, tangu asubuhi ile ya mvua tulipokusindikiza makaburini, na watoto wako bado wanauliza.

Waliokuja msibani walituambia watoto husahau upesi, tuvumilie tu. Hawajasahau. Ila kilio chao kimegeuka kuwa maswali, na maswali hayo ndiyo yaliyoiendesha nyumba hii mwaka mzima. Tumeona tukuandikie baadhi yake, maana mengi yalikuwa yako, si yetu.

Aliyeanza ni Salmini. Ulimwacha hajatimiza miaka mitatu. Siku moja aliuliza kama huko uliko kuna kisima. Nikamwambia tumefundishwa kwamba Peponi mito inapita. Akataka kuuona mto. Nikampeleka hadi ukingoni mwa mji, pale ardhi inapokatika, nikamwonyesha Ruvuma kule chini bondeni, mwembamba kama uzi wa cherehani. Alitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa nani anampandishia Mama ndoo?"

Nikasema malaika. Tulipofika mlangoni akataka kujua kama malaika wanavaa ngata.

Maswali ya Faidha ni ya aina nyingine. Sasa yuko darasa la pili, na kila kitu anataka kujua kilianzaje. Alikumbuka kwamba ulikuwa ukikasirika unasema Chiyao, lugha ya kwenu, na ukifurahi sana pia unasema Chiyao. "Baba, Mungu anajua Chiyao?"

"Anajua."

"Nani alimfundisha?"

Nilikwenda kumuuliza ustadhi. Alicheka, akasema Mwenyezi Mungu ndiye aliyeziumba ndimi zote, kwa hiyo hakuna aliyemtangulia. Nilipomletea Faidha jibu hilo, alishusha pumzi akasema, "Basi Mama hapati shida." Tangu siku hiyo, kila akikuombea, dua anaimalizia kwa Chiyao kidogo anachokijua. Ni yale maneno uliyokuwa ukimwambia akimwaga maji. Ninaamini Mola anapokea nia.

Mama Faidha, sisi wakubwa nasi tumekuwa wadadisi. Nilikaa nawe miaka tisa nikadhani nakujua. Kumbe kila jirani alikuwa na kipande chako ambacho mimi sikuwa nacho.

Nilijua mikono yako iliyobabuka kwa mafuta ya maganda, kwa sababu ya kubangua korosho pale kwenye kikundi. Nilijua kwamba chai uliinywa umesimama. Nilijua kwamba mbuzi wa jirani ukiwapita uliwasalimia, na usipowasalimia Salmini alikukumbusha. Lakini sikujua kwamba ni wewe uliyemzalisha Stamili, jirani yetu, binti yake wa pili, jikoni mwetu siku gari lilipochelewa, kisha ukanawa ukanipakulia chakula bila kusema neno. Stamili ndiye aliyeniambia, mwezi wa tano, akishangaa kwamba sijui.

Akaniambia na hili: kila jioni ukitoka kubangua, kabla ya kuingia ndani, ulisimama kidogo nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa jiko, ukiwa peke yako. Watoto wanakuita, nawe umesimama tu.

"Alikuwa anafanya nini?" niliuliza.

"Mumewe ni wewe, Baba Faidha. Unaniuliza mimi?"

Ulikuwa unaomba? Ulikuwa unapumzika? Ulikuwa unaivua kazi kama mtu anavyovua viatu? Nimesimama pale mara nyingi mwaka huu. Pana kivuli kizuri. Zaidi ya hapo sijapata jibu, nami nimeacha kulilazimisha.

Wewe ndiye uliyenisukuma kwenye masomo ya jioni, mimi mtu mzima niliyeacha shule darasa la tano. Nilipokuwa narudi, hukuuliza kamwe nimejifunza nini. Uliuliza, "Leo umeuliza nini?" Nikisema sikuuliza kitu, chai ilichelewa.

Ulipoondoka nilitaka kuacha. Nitawaachia nani watoto? Mwalimu Yuster akasema niwalete. Basi tumesoma watatu. Salmini hulala juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, amefunikwa koti la mwendesha bodaboda mmoja anayesoma nasi, na Faidha hukaa mbele kuliko baba yake. Siku ya somo la mizizi ya mimea alinyoosha mkono akauliza kwa nini mikorosho hailewi maji ya mvua kama watu wanavyolewa. Darasa zima la wazee lilimgeukia mwalimu likisubiri jibu.

Nywele zake nilijifunza kuzisuka mwenyewe. Nilianza na twende kilioni, kwa sababu ni mistari mitupu. Stamili alipomwona alishika kiuno. "Baba Faidha, hii ni twende kilioni au tumetoka kilioni tumenyeshewa?" Faidha alicheka mpaka akakaa chini. Ndicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza cha sauti tangu tukuzike, kwa hiyo sikuona haya.

Lakini hatukuwa na mwaka wa kusuka tu. Lipo jambo lililotukalia kifuani mwaka mzima, na huenda wewe unalijua kuliko sisi.

Arobaini yako iliangukia ndani ya Ramadhani. Tulisoma hitma, tukafuturu, na baada ya futari kaka yako Mujibu, aliyetoka kwenu Masasi, akakohoa kidogo.

"Shemeji, tusizungushane. Kwetu mtoto ni wa tumbo. Mama akiondoka, watoto hurudi kwa mjomba wao. Faidha na Salmini ni wa Masasi."

Nilisema sina neno dhidi ya mila, ninaomba muda.

"Muda wa nini? Mwanamume peke yake, shamba liko Makote, na jioni yuko shule na wazee wenzake! Watoto watalelewa na ubao?"

Watu walicheka, hata mimi nilitaka kucheka. Ni Stamili aliyepaza sauti kutoka upande wa wanawake: "Mpeni mwaka. Hata mkorosho hupewa msimu kabla ya kukatwa."

Mujibu alimtazama mama yenu, Bibi Mwanakombo, aliyekuwa amekaa pembeni amejifunika kanga. Bibi alitikisa kichwa kukubali. "Haya, mwaka," akasema Mujibu. "Ila likitokea jambo kabla ya hapo, nakuja kuwachukua."

Tangu usiku huo nimemwomba Mungu kitu kimoja kila baada ya swala: nisije nikafungua mlango nikakuta ndala zao hazipo.

Na jambo likatokea.

Unalikumbuka bomba linaloingiza maji ya gata, yale ya kutoka kwenye paa, katika kisima chetu cha kuhifadhia mvua. Kila mwaka mvua ya kwanza ilipotanda, ulitoka mbio kulitoa, maji yote ya bati yakamwagika uani, na ulilirudisha mvua ya pili au ya tatu. Tulikuwa tukikucheka. "Mama Faidha, Newala nzima inalilia maji, nawe unayamwaga?" Ulijibu, "Hayo ni ya bati. Yetu yanakuja." Mimi nilidhani ni usafi wako tu.

Mvua ya kwanza ya msimu huu ilitukuta darasani. Tulishangilia wote. Tuliporudi nyumbani na watoto, kisima kilikuwa kinalia kama ngoma, maji yanaingia. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilimwita Stamili aje asikilize. Asubuhi tukachota, nikawapikia watoto uji.

Maji yalikuwa na rangi ya manjano. Yalinuka kama kiberiti kilichowashwa. Ndipo nilipotazama juu ya paa. Miezi yote ya kiangazi tunapuliza mikorosho salfa, na mimi mwenyewe ni mpulizaji. Vumbi lake linakwenda na upepo na kukaa juu ya mabati yetu. Mvua ya kwanza inaliosha lote. Wewe ulilijua hilo, nami niliyelirusha sikulijua.

Salmini alitapika na kuharisha. Zahanati walimpa dawa, wakatuambia tumnyweshe maji safi kidogo kidogo. Alikaa kimya kitandani, bila kuuliza lolote, na ukimya ule ulinitisha kuliko kutapika. Siku ya tatu alifungua macho akauliza kama bati nalo lilikuwa linaumwa tumbo. Nilisujudu pale pale.

Kisima kizima tulikichota kwa ndoo, tukamwaga, majirani wakitazama kama watu wanaotazama mazishi.

Habari ilifika Masasi kabla kisima hakijakauka. Mujibu alipiga simu. "Shemeji, jambo ndilo hilo." Nikasema ndilo. Akasema, "Mama anatangulia. Mimi nakuja kwenye hitma ya mwaka. Tutamaliza siku hiyo."

Bibi Mwanakombo alifika na kikapu kimoja. Unaijua heshima yetu: mimi na mama yako hatutazamani, wala hatusemezani. Tangu nikuoe, nilikuwa nimeona kanga yake tu ikikata kona. Akawa analala kwa Stamili na kushinda jikoni kwetu, nami nikitoka shamba nakohoa tangu njiani ili apate kujisogeza. Maneno yetu yote yalipita kwa Faidha.

"Faidha, mwambie baba yako mtoto mdogo hapewi ugali wa jana."

Faidha hupiga hatua mbili kutoka mlango wa jiko, anashika kiuno kama Bibi: "Baba, mtoto mdogo hapewi ugali wa jana."

"Mwambie Bibi huo ni wa leo asubuhi."

"Bibi, ni wa leo asubuhi."

"Muulize, asubuhi ya lini?"

Faidha hakupunguza neno wala hakuongeza. Nilipigwa kwa ulimi wa mwanangu mwenyewe, kwa lafudhi ya Masasi. Lakini nilikiri moyoni kwamba Salmini alinenepa.

Siku moja Faidha alichoka. "Mnasikiana. Bibi yuko hapo, wewe uko hapa. Kwa nini mnanitembeza?"

"Ni heshima, mwanangu."

"Heshima ya nani?"

Niliwauliza wazee msikitini. Mmoja alisema ni heshima ya tumbo lililomzaa mke wangu. Mwingine alisema ni dawa ya ugomvi, maana wasiosemezana hawatukanani. Wa tatu akasema, "Mimi nilimkuta baba yangu anafanya hivyo." Nikamletea Faidha majibu yote matatu. Aliyapima, akasema huyo wa tatu ndiye mkweli.

Wiki iliyopita Mujibu alikuja. Tulisoma hitma yako, Shamila, watu wakala, wakakuombea, wakaondoka. Tukabaki sisi: Mujibu na mimi kwenye mkeka uani, Stamili na vyombo, Salmini amelala mapajani mwangu, Bibi ndani ya jiko. Mwaka ulikuwa umeisha. Mujibu alitazama saa yake, akasema basi la jioni la Masasi halisubiri mtu.

Sauti ya Bibi ikatoka jikoni. "Faidha. Mwambie baba yako afungashe nguo zenu."

Faidha alisimama mlangoni. Alimtazama bibi yake, akanitazama mimi. Nilijua atasema, maana hajawahi kuacha kusema.

"Mimi sisemi," akasema. "Sema mwenyewe, Bibi. Baba yupo hapa."

"Faidha!" Mujibu akamkemea. Mtoto hakusogea.

Nilisoma moyoni dua zote ninazozijua, na zilipoisha nikazirudia. Kisha nikasikia kigoda kikisukumwa, na Bibi Mwanakombo akatoka. Alisimama karibu na mkeka, kanga imefunika nusu ya uso. Mimi nilitazama chini, kama inavyopasa.

"Baba Faidha."

"Naam, Mama."

"Nitazame."

Nikainua macho. Shamila, una macho ya mama yako. Nilikuwa sijui.

Nilisubiri neno la nguo. Hakulisema. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu alisema nini?"

Sikuelewa mara moja. Akarudia, "Siku ile. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Alisema nini?"

Ndipo nilipoelewa. Mwaka mzima alikuwa na swali hilo, na mtu pekee mwenye jibu alikuwa mkwe wake asiyesemeshwa, na swali la namna hiyo hakuna anayelituma kwa mtoto wa miaka saba. Mujibu hakuwahi kuniuliza. Wanaume tuliulizana ugonjwa ulianza lini na jeneza litatoka wapi.

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba alfajiri ile uliuliza kama Salmini amekunywa uji. Kwamba ulisoma shahada bila kusaidiwa. Na kwamba kabla ya hapo ulinishika mkono ukasema, "Mama asiambiwe kwa simu. Saa hizi yuko peke yake." Kwa sababu hiyo nilimpigia Mujibu, nikamwomba atoke aliko amwendee nyumbani, akae naye kwanza.

Bibi alikaa chini, palepale alipokuwa amesimama.

"Nilikuwa peke yangu kweli," akasema. "Nilikuwa napepeta." Akajifuta kwa kanga. "Alijua."

Faidha alikwenda akakaa ubavuni mwake. Stamili aliacha vyombo. Tulikaa hivyo mpaka Mujibu akasogea na kuinama.

"Mama, basi. Na nguo za watoto?"

"Nguo za nani?"

"Si tumekubaliana? Watoto waje Masasi."

"Watabaki na baba yao. Likizo waje kwangu, wawajue watu wao. Na unyago wa Faidha, wakati ukifika, ni wetu. Hilo sitaki kulisikia likijadiliwa."

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Mujibu alinyoosha mikono. "Mama, kule Masasi hatukusema hivi!"

"Masasi hakuwepo mtu wa kuniambia alichosema mwanangu," akasema Bibi Mwanakombo.

Mujibu alikaa kidogo, akacheka kwa pua, kisha akamchukua Salmini mapajani mwangu akambusu utosini. "Shemeji," akasema, "umeponea kwa mkwe." Hana kinyongo. Alipoondoka aliacha mfuko wa mchele na ahadi ya kuwafuata watoto mwezi wa sita.

Kesho yake asubuhi nilikohoa nikiingia uani, kama kawaida, na kanga ikakata kona kama kawaida. "Faidha," sauti ikasema, "mwambie baba yako uji wake unapoa." Faidha alinipa ujumbe, neno kwa neno. Hakuuliza kwa nini. Bibi amesema atarudi Masasi Ramadhani ikiisha, naye amemuonya Stamili kwamba kitanda chake kina kunguni wa Newala.

Hii ndiyo habari ya nyumba yako, mwaka wa kwanza. Faidha amepoteza meno mawili ya mbele. Salmini sasa anaweza kujifunga shuka mwenyewe, ila analifunga shingoni. Nimefaulu mtihani wa kwanza wa jioni na kushindwa hesabu. Mikorosho ya Makote ilizaa vizuri upande wa chini. Tunaswali, tunakula, tunagombana kidogo, tunalala.

Ewe Mola, mpanulie Shamila kaburi lake, mtie nuru, mlaze pema, utukutanishe naye katika rehema Yako. Na ukipenda, Mola wetu, mjulishe kwamba watoto wameshakula.

Unakumbukwa na mumeo Halfani; wanao Faidha na Salmini; mama yako mzazi, Bibi Mwanakombo; kaka yako Mujibu na wanawe wa Masasi; jirani yako Stamili na binti uliyempokea; wenzako wa kikundi cha kubangua; Mwalimu Yuster na wanafunzi wote wa jioni, Newala.

Leo asubuhi tulimuuliza Salmini tuandike nini mwisho. Alifikiri, akasema: "Mwandikieni Mama sisi tupo." Basi tumeandika. Tupo, Mama Faidha, na madhali tupo, tutakukumbuka.